Barua ya Wazi kwa Bunge Tukufu juu ya Shilingi Inayoshikwa na Kuachiwa

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.

Mheshimiwa Spika,

Sisi raia wa majimbo sita ya Musoma Mjini, Musoma Vijijini, Butiama, Bunda Mjini, Bunda Vijijini na Mwibara tunaleta mbele ya Bunge lako tukufu shukurani ambazo kwa muda mrefu zimekosa mjumbe wa kuzifikisha, kwa kuwa wajumbe tunaowatuma huko Dodoma aghalabu huzimaliza shukurani zao zote katika dakika mbili za mwanzo, na zamu yetu inapowadia huwa kengele ya kwanza imekwisha kulia. Tunashukuru, basi, kwa kusemewa. Sidhani kama uko mkoa katika nchi hii uliosemewa vizuri kuushinda huu wetu wa Mara.

Tumezisoma Taarifa Rasmi za Bunge lako, ambazo makarani wenye subira ya Ayubu huandika ndani yake kila neno linalotamkwa, hata makofi wakayatia katika mabano ili yasipotee, na kwa kuzisoma tumeijua fani ya mchango wa bungeni kama wazee wa pwani walivyoijua fani ya utenzi, kwamba una dibaji yake, una kiini chake na una tamati yake. Katika dibaji Mheshimiwa humshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumjaalia afya, akamshukuru Mheshimiwa Rais, akakushukuru wewe kwa kumpa nafasi, akampongeza Waziri, na Naibu Waziri, na Katibu Mkuu, na watendaji wote wa wizara, kisha akawakumbuka wapiga kura wake na mwenzi wake wa nyumbani. Katika kiini, kwa sauti iliyopanda ghafla, hueleza kwamba barabara haipitiki, reli haijaja, walimu wa hisabati hawapo, na watoto wanatembea mwendo ambao yeye mwenyewe asingethubutu kuutembea hata wakati wa kampeni. Na katika tamati, kengele ya pili ikiwa inalia, hutamka kwa haraka kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Hapo ndipo karani anapoandika Makofi.

Simkusudii mbunge mmoja kwa haya. Wamepita wengi, wapole na wakali, maprofesa na watu waliosomeshwa na dunia, na Bunda hasa imepata kupeleka bungeni ndimi za kukata chuma. Wa upinzani nao, walipokuwapo, walikuwa na tamati yao nyingine, ya kusema hawaungi mkono hoja, na barabara haikutambua tofauti.

Ni tamati hiyo ya asilimia mia moja inayotutatiza sisi tuishio jirani na Butiama, kwa sababu tunamkumbuka mtu wa kijiji hicho ambaye hakuweza kujifunza kuitamka. Katikati ya mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua Julius Nyerere kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na ilipofika Desemba ya mwaka uleule Nyerere akajiuzulu, akieleza kwamba mapendekezo yake yalikuwa yamekataliwa, na kwamba kuendelea kukaa humo akipokea posho, ilhali anajua hana faida yoyote kwa watu wake, kungekuwa ni kuwahadaa. Ni mwenendo wa ajabu sana, na kwa jinsi unavyoweza kuambukiza, ingekuwa aula semina elekezi ya wabunge wapya itenge angalau saa moja ya kuwatahadharisha nao.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni shilingi.

Kanuni zenu humruhusu mbunge, wakati Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kifungu cha mshahara wa Waziri kinapofikiwa, kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo mpaka apewe maelezo ya kutosha juu ya jambo linalomkera, na haki hiyo, ambayo kwa lugha ya kila siku huitwa kushika shilingi, ndiyo silaha kali kuliko zote alizonazo mnyonge aliyechaguliwa na wanyonge. Huku kwetu tunaifuatilia kwa hamu kuliko mpira. Nimeshuhudia katika kibanda cha kinyozi mjini Bunda, katika msimu mmoja wa bajeti, mteja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa, mashine ikazimwa na waliokuwa wakicheza bao nje wakaingia ndani ili wote wasikie redioni kama Mheshimiwa atashika kweli. Akashika. Watu wakashangilia, mmoja akampa mwenzake mkono. Waziri akasimama, akasema kwamba Serikali ni sikivu, kwamba ushauri umepokelewa, kwamba barabara inayotajwa imo katika mpango na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana, na kwamba yuko tayari kuongozana na Mheshimiwa hadi jimboni mara tu baada ya Bunge kuahirishwa; na Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, akasema ameridhika na anaiachia shilingi. Kinyozi akawasha mashine, hakusema neno, akaendelea na upande wa pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hiyo shilingi huenda wapi. Maana shilingi, Mheshimiwa Spika, si jina tu la heshima. Ilikuwa sarafu, na ile iliyotolewa mwaka 1966 ilikuwa na kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, kiasi kwamba mbunge wa kwetu anapoishika shilingi huwa, kwa hakika, amemshika mzee wa Butiama kichwani, na anapoiachia huwa amemwachia. Siku hizi sarafu ya shilingi moja haionekani sokoni, na ukimtajia mtoto wa shule atadhani ni habari za Wajerumani. Bungeni tu ndiko inakozunguka bado, ikishikwa asubuhi na kuachiwa kabla ya magharibi, pasi na kununua hata njiti ya kiberiti.

Tukiingia katika uchukuzi, reli itangulie, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuahidiwa. Reli ya kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928, na ile ya kutoka Tanga ikafika Arusha mwaka 1929, zikasimama huko, na Musoma ikabaki katikati ikizitazama zote mbili, kila moja kwa jicho lake. Njia ya Tanga, Arusha hadi Musoma, ya kilomita zaidi ya 1,000, ambayo ingeliunganisha Ziwa na Bahari ya Hindi na kuwafaa hata jirani zetu wa Uganda, imetajwa katika hotuba za bajeti mara nyingi kiasi kwamba wako vijana huku wanaojua maneno upembuzi yakinifu na usanifu wa kina kabla ya kujua filimbi ya garimoshi inavyolia. Sina ugomvi na upembuzi yakinifu. Mhandisi asiyepembua huja akazika watu. Lakini nyumbu huvuka mto Mara kila mwaka, kwa malaki, kwenda na kurudi, wala sijasikia kwamba walisubiri mtaalamu mwelekezi.

Kuhusu barabara ya lami iliyokusudiwa kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, hapo nitasema kwa adabu kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ilikwisha kuizuia mwezi Juni 2014, na mimi ni miongoni mwa wachache wa huku wanaoona kwamba Mahakama ilifanya vyema, kwani mtu hachinji ng'ombe wa maziwa ili apate njia ya kupitisha ndoo. Ninachoshangaa ni kwamba barabara ambazo hakuna mahakama iliyozizuia, zile za Makutano kuelekea Natta na Mugumu, na za kutoka Bunda kuelekea Kisorya hadi Nansio, nazo zilikwenda kwa vipande, kilomita kadhaa kwa kila bunge, hata wazee wakawa wanahesabu umri wa wajukuu wao kwa kusema huyu alizaliwa lami ilipofika mahali fulani.

Majini je? Tunayo meli iliyopewa jina letu, MV Butiama, iliyokarabatiwa ikarejea ziwani mwaka 2020, na safari zake ni kati ya Mwanza na Nansio. Ni haki kabisa, kwa kuwa kijiji cha Butiama kiko vilimani na meli haipandi kilima. Hata hivyo mtu wa Musoma anayetaka kuipanda meli ya Butiama hupanda kwanza basi la kwenda Mwanza, na nauli hiyo ya basi haijapata kusikika ikichangiwa bungeni. Sisi tunacho kivuko cha Mwigobero kwenda Kinesi, kinachobeba magunia ya dagaa, mbuzi, bodaboda na wanafunzi, na kinapoharibika watu hurudi kwenye mitumbwi kama zamani, na bungeni huulizwa swali la msingi lenye maswali mawili ya nyongeza.

Lakini tuyaache majini. Ninaomba Bunge lako, Mheshimiwa Spika, lisimame nami kwa muda mfupi pale Makutano Juu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, penye njia panda ya kwenda Butiama. Wako wanafunzi kiasi cha ishirini, sweta zao zimelowa umande, wamesimama karibu na meza ya mama mmoja muuza chai kwa sababu ya joto la jiko lake. Linakuja basi dogo. Konda anatoa kichwa dirishani, anaona sare, anapiga bodi mara mbili kwa kiganja, gari linapita. Linakuja la pili, linasimama mbele kabisa ya mahali walipo, likachukua watu wazima wawili, na watoto waliokimbia kulifikia wakabaki na vumbi. Kisha zinakuja zile Probox tuziitazo michomoko, ambazo mtu mzima hupakatwa na mtu mzima mwenzake na dereva huendesha akiwa amegawana kiti, na hizo humchukua mwanafunzi kwa masharti ya kulipa kama mtu mzima. Hakuna mwovu katika kisa hiki. Nauli ya mwanafunzi katika daladala imewekwa na mamlaka husika kuwa shilingi 200, mafuta yanauzwa kwa bei moja kwa wote, na konda ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Kila kiti anachompa mtoto ni hasara aliyoitunga Serikali na kumwachia yeye ailipe.

Sasa jambo hili la mtoto na basi, ambalo pale njia panda ni jambo moja, likifika Dodoma hugawanywa vipande vitatu. Likiulizwa katika Wizara ya Uchukuzi, jibu ni kwamba nauli imekwisha kupangwa na makonda wanaokaidi wataripotiwa. Likiulizwa katika Wizara ya Elimu, jibu ni kwamba wizara hiyo hushughulika na sera, mitaala na ubora, na kwamba shule zenyewe ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Likiulizwa TAMISEMI, jibu ni kwamba barabara za vijijini zitashughulikiwa na TARURA na kwamba wananchi wanahimizwa kujenga mabweni. Kila wizara ina siku yake ya bajeti, ina Waziri wake na ina shilingi yake ya kushikwa. Mtoto hana wizara. Sijapata kuona katika Taarifa Rasmi mbunge wa kwetu, wa enzi yoyote, akishika shilingi tatu kwa mkupuo.

Na tukisema elimu, mji huu wa Musoma hauhitaji kufundishwa maana yake. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama kuja kuanza shule ya Mwisenge, mwendo wa kilomita kama 40, na kwa kuwa shule ilikuwa ya bweni hakulazimika kuurudia kila asubuhi. Miaka 40 baadaye, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana papa hapa Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kukamilika mwaka 1989, ikamilike mwaka 1977. Uamuzi huo ulikuwa na hasara zake, wala haifai kuzifunika: madarasa yalifurika, vijana waliomaliza darasa la saba jana wakakabidhiwa chaki leo, na ubora ukalipia. Lakini ulikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa karibu kiasi kwamba walioiweka walijua watakuwapo kuulizwa.

Ulinganishe na chuo kikuu chetu cha kilimo na teknolojia cha Butiama, chenye jina la Mwalimu, ambacho kimesemwa bungeni kwa zaidi ya muongo mmoja kwa kila njeo ya kitenzi isipokuwa ile ya wakati uliopo. Marehemu Nimrod Mkono, aliyekuwa mbunge wetu, alitoa majengo ya shule ya sekondari ya Oswald Mang'ombe ili chuo kipate pa kuanzia, na hilo lilikuwa, kwa maoni yangu, mchango uliozidi michango mingi ya dakika kumi. Sasa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia zimekuja na nguzo zikainuka, nasi tumefurahi, na tunaahidi kwamba hatutauliza kwa nini nguzo zilingojea mkopo ilhali hotuba hazikungojea kitu.

Hofu yetu ni ya karibu zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Tunaiunga mkono, na safari hii ninasema kwa dhati. Ila kwa hesabu ya sera hiyohiyo, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na mwaka 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Vijiji vya huku vimekwisha kuanza kujitayarisha kwa desturi yao: wanaume wamekusanya mawe, wanawake wamesomba maji na mchanga, kuta zimepanda hadi usawa wa lenta, na hapo zimekuwa maboma yanayosubiri kupauliwa, mvua za masika zikiyanyeshea na mbuzi wakijikinga jua ndani yake. Na hata yakipauliwa yote, mtoto wa kisiwani au wa kijiji cha ndani ya Bunda atalazimishwa na sheria afike mahali ambapo barabara, kivuko na konda wamemkataza kufika. Tunauliza kwa adabu, siku hiyo atashtakiwa nani, mzazi au kivuko?

Kwa kuwa hatupendi kulalama bila ya kupendekeza, tunaleta maombi yetu, ambayo ni machache.

Tunaomba kwanza kwamba, hadi jambo la nauli litakapopatiwa ufumbuzi, wanafunzi wa majimbo haya waruhusiwe kusafiri kwa utaratibu wa Bunge: mtoto apande basi, amshukuru Mwenyezi Mungu, amshukuru mwenye gari, ampongeze dereva na konda na utingo kwa kazi kubwa wanayoifanya, awasalimu abiria wote kwa majina ya vijiji vyao, aeleze kwa uchungu hali ya mfuko wake, na anapofika shuleni aseme kwamba anaunga mkono nauli kwa asilimia mia moja, ateremke. Konda akidai fedha, ajibiwe kwamba italipwa kadiri itakavyopatikana. Kadhalika Baraza la Mitihani lielekezwe kwamba mtoto wa Mara aliyejibu swali la hesabu kwa kuandika kuwa upembuzi wake umekamilika na jibu litatolewa katika mwaka wa fedha ujao, apewe alama sawa na zile ambazo jibu la namna hiyo hupewa Dodoma.

Ombi la pili ndilo kubwa. Tunaomba shilingi zote zilizowahi kushikwa kwa ajili ya barabara, reli, bandari, vivuko na shule za majimbo haya sita, tangu Bunge lilipokuwa katika ukumbi wa Karimjee hadi leo, zihesabiwe na makarani wa Taarifa Rasmi, ambao kwa hakika wanazo zote katika maandishi, kisha tuletewe. Hatutaki riba. Hatudai kwamba zinatosha kujenga chochote. Ila zilishikwa kwa jina letu, zikaachiwa pasi na sisi kuulizwa kama tumeridhika, na kwa sheria za mirathi nizijuazo mimi, mali iliyoshikwa kwa niaba ya mtu hairejeshwi kwa mdaiwa.

Bunge likiridhia, tafadhali zisitumwe kwa simu, kwa maana makato yatazidi kiasi kinachotumwa. Wala zisipitishwe halmashauri, ambako zitahitaji kikao, na kikao kitahitaji posho. Akabidhiwe dereva wa basi lolote lijalo Musoma, aziache pale Makutano Juu kwa yule mama muuza chai. Asubuhi zile ambazo michomoko peke yake ndiyo inayosimama, yeye huwakopesha wanafunzi tofauti ya nauli, na daftari lake la madeni, lenye jalada la buluu lililoingia mafuta ya maandazi, liko wazi kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali siku yoyote ya juma isipokuwa Jumapili, ambapo huenda kanisani.

Ndimi, kwa niaba ya wenzangu,

Raia mtiifu wa Makutano Juu, Mara.